Kasha la Dozi: shajara ya mradi wetu wa hesabu za dawa, Tanga

2 Februari

Mradi umeanza leo barazani kwa shangazi yangu, Ngamiani, kwa kuwa kati ya nyumba zetu zote hiyo ndiyo yenye baraza pana na mwenye nyumba asiyeuliza mtaondoka saa ngapi. Tuko wanne, wote mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga. Kuna mimi, kuna dada wa Pangani ambaye mwandiko wake unasomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara, kuna kaka wa Lushoto anayekokotoa kichwani kabla simu haijafunguka, na kuna mama wa watoto wawili aliyekuwa mhudumu wa afya kijijini kabla ya kurudi shule. Huyo tunamwita Mama Mkubwa, ingawa umri huo hajaufikia, naye hajakataa.

Tunachotaka kutengeneza ni kasha la kadi za mazoezi ya dozi, kwa Kiswahili, zenye dawa tunazokutana nazo wodini. Vitabu tulivyo navyo viliandikwa kwa hospitali za kwingine. Swali la kwanza linakupa mgonjwa aliyepimwa kwa pauni, umgeuze kuwa wa kilo. La pili linakupa pampu ya umeme inayojipimia yenyewe mililita kwa saa. Mizani yetu inasoma kilo tangu asubuhi, na pampu yetu ni macho, saa ya mkononi na kidole gumba kwenye kigurudumu cha kubania mpira wa dripu.

Tunataka kasha liwe tayari kabla hatujaingia zamu za wodi ya watoto, maana huko karibu kila dozi inakwenda kwa kilo.

Kanuni ya kuanzia ni ile iliyo kwenye kila daftari: dozi iliyoagizwa, gawanya kwa dozi iliyopo, zidisha kwa ujazo wake. Juu yake kuna ngazi ya vipimo: gramu 1 ni miligramu 1,000, miligramu 1 ni maikrogramu 1,000, lita 1 ni mililita 1,000. Kaka wa Lushoto anasema somo limeishia hapo, mengine ni mbwembwe za walimu. Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo, ili yawepo.

5 Februari

Malighafi. Tulitaka vichupa na ampuli tupu (ampuli ni kile kichupa cha kioo cha kuvunja shingo), tuwe tunasoma lebo zenyewe. Tulimfuata sista kiongozi wa wodi tukiwa tumeshajipangia maneno.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuomba nini?"

Tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ampuli iliyokwisha kuvunjwa mahali pake ni kwenye sanduku la usalama, wala si kwenye begi la mwanafunzi. "Makasha matupu chukueni. Lebo zinakilini kwa mkono, hapa hapa mezani, mkimaliza mnirudishie dawa yangu kabatini."

Tukanung'unika kidogo njiani, lakini amri yake imetufaa. Ukinakili lebo kwa mkono huwezi kuruka kitu. Unakutana na jina la dawa, kisha nguvu yake, kisha ujazo wote uliomo, kisha njia ya kuitoa, kisha tarehe ya kuharibika, na mara nyingine mstari mdogo wa chini unaokuambia uchanganye na nini. Dada wa Pangani ndiye aliyegundua kwamba kwenye ampuli moja nguvu imeandikwa mara mbili, mara kwa ampuli nzima na mara kwa mililita moja, na namba kubwa kwa maandishi si ile unayoihitaji kwenye hesabu.

Kadi zenyewe tunakata kwenye makasha ya glavu. Upande wa ndani ni mweupe, unashika wino vizuri, na wodi haikosi makasha hayo.

11 Februari

Kadi za mwanzo zimeisha: parasetamoli ya maji, amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha, ampisilini, gentamisini. Swali mbele, jibu nyuma. Mtoto ana kilo 8, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, dawa ina miligramu 120 katika mililita 5. Kilo 8 mara 15 ni 120. Mpe mililita 5.

Kufikia jioni sote tulikuwa tunapata kila kitu, na hiyo ndiyo hitilafu yenyewe. Kaka wa Lushoto alikuwa anajibu kabla kadi haijatua mkekani. Tulipobadilisha uzito tu na kuacha mengine, alijibu sawa. Tulipobadilisha nguvu ya dawa bila kumwambia, alijibu kwa nguvu ya zamani. Hakuwa amesoma, alikuwa amekumbuka.

13 Februari

Umeme umekatika tangu alasiri. Tumekata kadi kwa mwanga wa simu, hakuna zaidi.

16 Februari

Leo mradi umegeuka, na kilichougeuza ni gentamisini.

Kuna ampuli ya miligramu 80 katika mililita 2, na kuna ya miligramu 20 katika mililita 2. Ujazo ni uleule, maji meupe yaleyale, na kwa macho ya mtu aliyekesha zamu ya usiku tofauti yao ni tarakimu mbili ndogo. Tuchukue mtoto mchanga wa siku tatu, mwenye uzito wa kawaida, kilo 3.2. Katika wiki ya kwanza ya maisha anapewa miligramu 5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Hiyo ni miligramu 16. Hapo hakuna anayebisha.

Sasa chukua ampuli ya 80. Kila mililita ina miligramu 40, kwa hiyo unavuta mililita 0.4. Chukua ampuli ya 20. Kila mililita ina miligramu 10, kwa hiyo unavuta 1.6. Mtu aliyezoea 1.6 akikutana na ampuli ya 80 bila kuitazama, amempa mtoto dozi mara nne, na dawa yenyewe ni ile inayoharibu figo na masikio ikizidi. Na hesabu yake, ukimwomba akuonyeshe karatasi, itakuwa safi. Kazidisha sawa, kagawanya sawa, kaweka nukta mahali pake.

Kwa hiyo kadi zenye swali mbele na jibu nyuma zimetupwa. Muundo mpya una mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la oda, zikiandikwa kama zinavyokuja kwenye faili la mgonjwa, na vifupisho vyake vyote: IV (kwenye mshipa), IM (kwenye msuli), BD (mara mbili kwa siku), TDS (mara tatu kwa siku), STAT (papo hapo). Fungu la pili ni la lebo. Unavuta oda moja, mwenzako anakuwekea lebo moja yoyote ya dawa hiyo, na jibu linatokana na zile mbili zilivyokutana. Hakuna jibu la kukariri kwa sababu jibu halikai kwenye kadi yoyote.

Mama Mkubwa akaongeza sharti moja: kabla ya kukokotoa lazima useme kwa sauti nguvu ya mililita moja. Ukinyamaza, kadi inarudi chini.

20 Februari

Kukadiria. Hili tumelibishania zaidi kuliko mengine yote.

Pendekezo langu lilikuwa kwamba kabla kalamu haijagusa karatasi, mtu aseme kama anatarajia kuvuta ampuli nzima, zaidi yake, au chini yake. Mtoto anahitaji 16, ampuli ina 80: ni chini ya robo. Ukishasema "chini ya robo", mkono hauwezi kuvuta ampuli nzima huku kichwa kimetulia. Kaka wa Lushoto alisema ni kupoteza muda kwa mtu anayejua hesabu. Dada wa Pangani alimjibu kwamba anayejua hesabu ndiye hasa wa kuchungwa, maana asiyejua huuliza.

Sharti limepita. Kaka amelikubali kwa shingo upande.

Tumekubaliana pia namna ya kuandika namba kwenye kadi zetu, na hapa hapakuwa na ubishi. Sifuri hutangulia nukta siku zote: 0.5, kamwe si nukta tano peke yake, kwa sababu nukta ikififia inabaki tano, na tano ni mara kumi. Na nyuma ya namba kamili hapawekwi nukta na sifuri: 5 ni 5, maana 5.0 ikisomwa vibaya ni hamsini. Yuniti za insulini zinaandikwa kwa neno zima. Herufi U iliyokaa karibu na 10 imeshafanywa sifuri mara nyingi mno duniani, sisi hatutaki kuongeza.

24 Februari

Bomba la sindano nalo linasomwa. Nilidhani haya ni ya mwaka wa kwanza tumeshayamaliza, lakini tulipokaa na mabomba mapya mkononi, kila mtu akavuta maji aliyoambiwa, hatukulingana.

Ile mpira nyeusi ya ndani ina kingo mbili. Unasoma ukingo ulio upande wa sindano, ule wa juu ukisimamisha bomba, si ukingo wa chini wala katikati ya mpira. Halafu mistari. Bomba letu la mililita 1 limegawanywa kwa 0.01, la 2 kwa 0.1, la 5 kwa 0.2. Kwa hiyo 0.4 ya yule mtoto mchanga kwenye bomba la mililita 5 ni vimistari viwili tu, na ukikosea kimoja umekosea nusu ya dozi. Kwenye bomba la mililita 1 ni mistari arobaini, na ukikosea mmoja hakuna lililoharibika. Tumeongeza fungu la tatu, dogo: kadi za mabomba. Ukishapata jibu, unachagua bomba.

Machungwa ya Muheza yamemaliza kazi yake pia. Ya kuchomea sindano yalikuwa ya kwangu, ya kula yakawa ya watoto wa shangazi. Kwa nini yaliyokwishachomwa hayakuruhusiwa kuliwa ilibidi kuelezwa mara nyingi, na mdogo wao bado anaona tumemwonea.

1 Machi

Artesuneti. Nimeitenga siku nzima kwa sababu hakuna sindano ya malaria kali tutakayoishika zaidi ya hii, na mitego yake imepangwa mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni kuchanganya. Kichupa cha miligramu 60 kina unga. Unauyeyusha kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, unatikisa mpaka maji yawe maangavu, kisha unaongeza salaini, yaani maji ya chumvi. Ukienda kwenye mshipa unaongeza mililita 5. Ukienda kwenye msuli unaongeza 2. Mililita 1 ile ya mwanzo haiondoki, inahesabiwa. Kwa hiyo ya mshipa ni miligramu 60 ndani ya mililita 6, yaani 10 kwa kila mililita. Ya msuli ni 60 ndani ya 3, yaani 20 kwa kila mililita. Mtoto wa kilo 14 anahitaji miligramu 42: mililita 4.2 kwa mshipa, 2.1 kwa msuli. Mtu aliyeagizwa mshipa akashika namba ya msuli amempa mgonjwa wa malaria kali nusu dozi.

Wa pili ulituvunjia kikao kwa muda. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kilo. Kuanzia kilo 20 kwenda juu, 2.4 kwa kilo. Dada wa Pangani alivuta kadi ya kilo 19, akapata 57. Mimi nilivuta ya kilo 20, nikapata 48. Kaka wa Lushoto akasema mmoja wetu amekosea, haiwezekani mtoto mwepesi apate dawa nyingi kuliko mzito. Tukarudia, ikawa vilevile. Ndivyo ilivyo. Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango hicho cha juu kwa watoto wadogo katika mwongozo wake wa mwaka 2015, kwa sababu miili yao kwa dozi ileile ya kilo inabaki na dawa kidogo damuni. Kadi hizo mbili tumezifunga kwa mpira mmoja zisitengane. Yeyote atakayetumia kasha hili baada yetu azione pamoja, abishe, kisha ahesabu.

Wa tatu ni saa. Dozi ni ya kuanzia, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24, halafu mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza dawa mseto. Kwa saa yetu ya Kiswahili hili ni jepesi mno: ukichoma saa tisa alasiri, ya pili ni saa tisa usiku, ya tatu saa tisa alasiri. Namba haibadiliki, kinachobadilika ni jua. Lakini chati ya dawa inataka 15:00, 03:00, 15:00, na hapo ndipo mtu anaandika 09:00 kwa mazoea ya ulimi, na anayepokea zamu anaiona kuwa ya saa tatu asubuhi. Tumeweka kadi za saa peke yake. Dawa mseto nazo zimo: dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kwa hiyo aliyeanza saa mbili asubuhi anameza tena saa kumi jioni, asisubiri kulala. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata.

4 Machi

Vijiko. Huu si mradi, ni udadisi tu. Tulichukua vijiko vya chai vya nyumba za jirani, tukavipima kwa bomba lisilo na sindano. Tulichotaka kujua ni mama anapoambiwa "kijiko kimoja cha chai" mtoto anapata nini. Kuna kijiko kilichofurika kabla ya mililita 5, na kuna kile cha kukorogea kilichomeza zote na kubaki na nafasi. Shangazi aliuliza kama vijiko vyake vimefaulu. Tangu leo kwenye kadi zetu hakuna neno kijiko, ni mililita, na kando yake: mpe mama kikombe cha dawa au bomba, mwonyeshe mstari, kisha yeye akuonyeshe.

9 Machi

Asilimia, na hapa aliyetufundisha ni Mama Mkubwa. Kazi yake ya zamani ilimwonyesha wajawazito wenye kifafa cha mimba kabla sisi wengine hatujajua neno lenyewe, kwa hiyo hakutaka magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa hicho, ibaki namba.

Asilimia 50 ni gramu 50 ndani ya mililita 100. Kwa hiyo mililita 2 zina gramu 1. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli. Ya mshipa haiingii ikiwa asilimia 50, inazimuliwa mpaka asilimia 20: unavuta mililita 8, ambazo ni zile gramu 4, unaongeza maji ya sindano mililita 12, unapata 20. Gramu 4 ndani ya mililita 20 ni asilimia 20. Unaisukuma polepole. Ya misuli inabaki asilimia 50, mililita 10 kila tako, pamoja na lignokeini asilimia 2 mililita 1 katika kila bomba, maana inauma. Baadaye gramu 5 kila baada ya saa 4, tako kwa tako.

Kisha akatukataza kuandika dozi hiyo ya baadaye peke yake kwenye kadi. Kila kadi ya gramu 5 lazima iwe na mambo matatu ya kupima kwanza: goti linaruka likigongwa, pumzi si chini ya 16 kwa dakika, mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa. Likikosekana moja hakuna sindano, hata kama saa yake imefika. Na kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kuizima magnesiamu ikizidi, iwe imeshawekwa kwenye trei.

Kwenye karatasi hiyohiyo tumeandika glukosi. Mtoto wa kilo 10 aliyeshukiwa na sukari anapewa mililita 5 kwa kilo za asilimia 10, yaani 50, na kabatini kuna asilimia 50 tu. Sehemu moja ya dawa, nne za maji: mililita 10 na mililita 40. Kaka wa Lushoto aliipata kichwani. Safari hii alisema kadirio kwanza bila kukumbushwa, nami nimeliandika hilo.

15 Machi

Dripu. Tumefunga mfuko wa maji kwenye nondo za dirisha, ndoo chini, simu ya kuhesabia sekunde.

Ujazo kwa mililita, zidisha kwa matone ya seti (mpira wa dripu) kwa mililita moja, gawanya kwa dakika. Seti yetu ya kawaida ni matone 20, ya watoto ni 60. Lita moja kwa saa 8 kwa seti ya 20: 20,000 gawanya kwa 480, matone 42 kwa dakika. Kwa seti ya 60 kuna njia ya mkato inayotokana na dakika 60 za saa kukatana na matone 60: mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika, basi. Mililita 30 kwa saa ni matone 30. Namba za seti zimechapwa kwenye pakiti, na pakiti hutupwa kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo sasa tunaibandika kwenye mfuko.

Jambo la leo ni mtoto aliyekaukiwa maji sana. RL (maji ya dripu ya Ringer's lactate), mililita 100 kwa kilo. Mtoto wa kilo 9, mwenye miezi 10: mililita 270 saa ya kwanza, 630 kwa saa 5 zinazofuata. Kwa seti ya 20 ni matone 90 kwa dakika, kisha 42. Sasa mpe kilo zilezile mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Zile 270 zinaingia kwa nusu saa, 630 kwa saa mbili na nusu. Matone 180 kwa dakika. Tuliyafungulia kuona. Macho hayawezi kuyahesabu, ni karibu mchirizi. Hapo mtu anapaswa kuacha matone, aangalie mstari kwenye mfuko kila baada ya dakika tano. Uzito haukubadilika wala kanuni. Kilichobadilika ni umri, ambao upo juu kabisa ya faili na hakuna anayeutazama akishaona kilo.

22 Machi

Sista kiongozi alikubali kulijaribu kasha. Tulimpelekea wodini baada ya zamu yake ya asubuhi, akaketi, akavua miwani, akavuta kadi mojamoja bila kusema. Alipata zote, bila shaka. Halafu akauliza: "Ziko wapi zile ambazo jibu lake ni sitoi?"

Hatukuwa nazo. Kadi zetu zote zilichukulia kwamba oda ni sahihi na kazi yetu ni kuvuta.

Usiku huohuo tumeandika fungu jipya. Oda ya mtoto isiyo na uzito. Parasetamoli gramu 5 kwa mdomo: hesabu inakubali kabisa, vidonge 10 vya miligramu 500, na hakuna mtu mzima wa kupewa vidonge 10 kwa mara moja. Seftriaksoni kwa mtoto mchanga ambaye dripu yake ni RL, yenye kalsiamu ndani; hata mililita ziwe sahihi kiasi gani, viwili hivyo havikutani. Amoksilini inayosomeka 250 au 750 kutegemea unaishika karatasi vipi. Jibu la nyuma ni moja: rudi kwa aliyeagiza, muulize, aandike upya.

Tulitaka kuongeza kanuni ya haraka, kwamba dozi moja ikidai ampuli nyingi au vidonge vingi, simama. Ni kanuni nzuri na wakongwe wa wodi wanaitumia. Lakini magnesiamu yetu inaivunja: gramu 14 za kuanzia, kwa ampuli za gramu 1, ni ampuli 14, na zote ni halali. Kwa hiyo kadi inasema simama na uulize, haisemi kataa. Mama Mkubwa amesisitiza tofauti hiyo, kwa sababu kwa mwenye kifafa cha mimba kuchelewa nako ni dozi mbaya.

29 Machi

Hali ya kasha: oda, lebo, mabomba, saa, dripu, na zile za sitoi. Yote yanakaa ndani ya kasha moja la viatu. Wodi ya watoto tunaingia wiki ijayo. Wa mwaka wa kwanza wameshaanza kuliazima, na sharti la kuliazima ni kurudisha na lebo moja mpya iliyonakiliwa kwa mkono.

Insulini bado. Hatutaki kuandika kadi zake bila bomba lake la yuniti 100 kwa mililita mkononi, kwa kuwa hesabu ya insulini ikishaanza kuhitaji mililita kuna kitu kimeshaharibika. Duka la dawa la mtaani limeahidi kutuletea.

Adrenalini imeanza leo. Ya 1 katika 1,000 ina miligramu 1 kwa mililita. Ya 1 katika 10,000 ina 0.1. Mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali anahitaji miligramu 0.5 kwenye msuli, nusu mililita ya ile ya kwanza. Kiasi hichohicho kwa ile ya pili ni mililita 5, ambayo hakuna atakayeichoma msulini. Nilipendekeza ya kwanza tuiandike kwa wino mwekundu, ya pili kwa bluu. Dada wa Pangani akakataa: wodini hakuna atakayenipakia rangi, na mtu akizoea nyekundu hatasoma sifuri. Kaka wa Lushoto akamuunga mkono yeye. Zote zimeandikwa kwa wino mweusi.